Kuku Kaninyea Begani

Haya ni maneno niliyowaambia walimu tarajiwa hapa Mtwara, siku moja kabla hawajatawanyika kwenda vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Nimeyaandika upya kwa utulivu. Nimepunguza salamu, nimeacha vicheko, na nimeongeza mambo mawili matatu yaliyonitoka pale mbele ya watu.

Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wanangu walimu tarajiwa. Shikamooni wakubwa zangu, ingawa nikitupa macho humu ukumbini naona wakubwa zangu wamebaki wawili tu, na mmoja kashaanza kusinzia. Wadogo, hamjambo.

Mkufunzi wenu aliponipigia simu alisema, "Mzee, njoo utuelezee namna ya kuandika kumbukumbu za safari." Nikamjibu kwamba mimi si mwandishi, mimi ni bwana shamba mstaafu. Miaka thelathini na moja nimezunguka Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea mpaka Liwale, nawafuata wakulima wa korosho kwa habari za ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na salfa, dawa yake. Akasema, "Ndiyo maana tunakutaka wewe." Sikuwa na jibu, nikaja.

Nianze na kuku.

Aprili 1996 nilikuwa natoka Dar es Salaam kurudi huku. Ninyi wengi mmepata akili daraja la Mkapa lipo. Mnapanda basi alfajiri, jioni mnakula Mtwara. Daraja lile lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikaza, barabara ya Kusini ilibaki jina tu. Sisi tulivuka salama, tukaenda kukwama mbele, kati ya Nyamwage na Somanga. Siku tatu. Basi limezama mpaka ngazi. Siku ya tatu tukaambiwa ng'ambo ya kijito kimoja kilichofurika kuna lori litatupokea, kwa hiyo heri tuvuke kwa miguu. Alikuwapo mama mmoja, ana mtoto wa miaka kama minne, ana furushi, na ana kuku.

Sasa, kwa miaka kumi na minane nimeisimulia safari ile. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia misibani usiku wa kukesha, nimeisimulia kwenye mikutano ya wakulima nikitaka wachangamke. Na kila nikiisimulia nasema hivi: maji yalikuwa ya kifua, nikamtwaa yule mtoto, nikamkalisha mabegani, nikavuka naye huku kanishika masikio. Mpaka masikio nilikuwa nayasikia yanavutwa, wallahi. Binti yangu alipoolewa nikaisimulia tena, na wakwe wakaniangalia kwa jicho jipya kabisa.

2014 nikastaafu. Siku moja nafungua sanduku la bati, natafuta vyeti vya kufuatilia mafao, nikakutana na vidaftari vyangu. Nikafungua cha 1996. Karatasi imekunjamana kwa maji, lakini penseli inasomeka. Nawasomea kama ilivyo:

"Alhamisi. Maji ya kiuno. Utingo, wanamwita Sita kwa Sita, kambeba mtoto. Mimi nimepewa kuku. Kuku kaninyea begani. Ng'ambo tumekuta uji."

Maji ya kiuno! Mtoto kabebwa na utingo. Bwana shamba kabeba kuku.

Nikampelekea mke wangu jikoni, nikamsomea. Hakuacha hata kupepeta mchele. Akasema, "Mimi nilijua siku zote. Lile shati ulidhani alilifua nani?"

Wanangu, sikuwa nimedanganya. Ningeitwa mahakamani ningeapa. Kichwa kilikuwa kinanitengenezea ile safari polepole, kila nikisimulia kinaongeza maji kidogo, kinampunguza kuku, mwisho kikanipa mtoto wa watu. Na aliyedhulumiwa hapo ni yule kijana utingo. Miaka kumi na minane namvua heshima yake najivika mimi, na jina lake nilishalisahau kabisa. Daftari lilikuwa nalo.

Hilo ndilo nililokuja nalo leo. Wengi wanadhani mtu huandika njiani ili asisahau safari. Safari hutaisahau, utaikumbuka mno, na kila mwaka itazidi kunoga. Unaandika ili awepo shahidi mwingine, ambaye hakupendi kama unavyojipenda mwenyewe.

Kesho mnaondoka. Kuna wa Tandahimba, kuna wa Nanyamba, kuna wa Ruangwa, na nimeambiwa kuna saba wa Liwale ambao tangu wasikie wamepoteza hamu ya kula. Nitarudi kwenu, wa Liwale. Chuo kimewapa daftari la kazi: maandalio ya somo, azimio la kazi, maoni ya mkufunzi atakayekuja kuwakagua. Hilo ni la chuo. Mimi nazungumzia daftari lako wewe, ambalo hakuna wa kukupa alama. Nilipokuwa kazini nilikuwa nayo mawili. La ofisi niliandika mikorosho mingapi imepuliziwa, mifuko mingapi ya salfa imetoka, mingapi imebaki. Yale ya ofisi yaliwekwa stoo, mchwa wakayapitia yote. Kidaftari changu kilikaa mfuko wa shati.

Mfuko wa shati, nasisitiza. Kaunta buku kubwa ni zuri, lakini linakaa ndani ya begi, na begi lipo juu ya keria, na juu ya begi lako kuna gunia la mihogo la mtu. Utasema nitaandika tukifika. Ukifika umechoka, umepokewa, umepewa maji ya kuoga, na asubuhi ya njiani ishageuka simulizi. Kidaftari kiwe cha kuingia mfukoni bila kukunjwa. Na iwe penseli. Kalamu ya wino ikikutana na jasho la Novemba ya Lindi, inageuka ua la samawati kifuani, na maneno yameondoka.

Kuhusu wino nina ushahidi wa kutoka hapa hapa jirani. Mikindani, hapo mnapopita na daladala mkienda Mingoyo, ndipo alipofikia Livingstone safari yake ya mwisho, tarehe 24 Machi 1866. Ipo hata nyumba ambayo wageni huoneshwa. Akaondoka hapo na ngamia, nyati, nyumbu na punda kuelekea bonde la Ruvuma, na vidaftari vyake. Miaka mitano baadaye yuko Nyangwe, Kongo. Karatasi zimemwishia, wino umemwisha. Akachukua gazeti kuukuu la Uingereza, akawa anaandika juu ya maandishi ya gazeti, kwa kukatisha, na wino aliutengeneza kwa mbegu za mti wa huko. Mtu huyo alikuwa anaumwa, ana njaa, mizigo haifiki, lakini hakusema nitaandika nikipata karatasi nzuri.

Wino ule ukafifia hadi haukusomeka. Kwa zaidi ya miaka mia moja zile kurasa zilikuwapo na hazisemi kitu. Ilikuja kuwa 2011 ndipo wataalamu waliozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali wakaweza kutoa lile gazeti pembeni na kuyaleta maandishi yake mbele. Na hapo ndipo panaponigusa mimi mtu wa kuku. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Aliandika siku zile zile kwenye gazeti. Baadaye akanakili kwenye daftari kubwa, kwa mkono uliotulia. Walipoyaweka mawili pamoja, hayalingani kila mahali. Kwenye gazeti kuna mambo, hasa kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, ambayo kwenye daftari kubwa yamelainishwa. Sisemi ni mwongo. Nasema naye alikuwa na kichwa kama changu, kinachopiga pasi. Ushahidi ulikuwa kwenye lile gazeti chafu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mzee haya ni mambo ya wazungu. Livingstone alipokufa 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, aliyechonga maandishi kwenye mti na kuendelea kuandika shajara ya ule msafara wa kuleta mwili pwani alikuwa Jacob Wainwright. Mzungu? Myao. Mnaotoka Masasi na Tunduru mnaweza kukaa wima sasa. Na yupo Salim bin Abakari, aliyefika Urusi mpaka Siberia 1896, akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, kwa macho ya mtu wa pwani. Hii kazi tunayo muda mrefu. Tulichokosa ni penseli karibu.

Mkitaka kuona hasara ya kuandika ukiwa umesharudi nyumbani, nendeni Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika pale 1331. Habari za safari zake zilikuja kuandikwa Moroko, yeye anasimulia na mwandishi Ibn Juzayy anaandika, zikakamilika 1355. Hesabuni wenyewe, walimu wa hisabati. Na anasema mwenyewe kwamba yapo mambo aliyoyanakili kule Bukhara, majina ya wanazuoni kwenye makaburi, yakapotea aliponyang'anywa mali zake baharini. Basi Kilwa yake ni Kilwa ya kichwani. Anausifu mji kwa uzuri, anamsifu sultani kwa ukarimu, na anasema nyumba ni za mbao. Mbao! Ukisimama leo kwenye magofu ya Husuni Kubwa, ambayo ni kazi ya enzi za sultani yule yule, unagusa mawe ya matumbawe kila upande. Inawezekana alikuwa anasema nyumba za watu wengi, na hapo atakuwa kasema kweli, maana hata leo nyumba za wengi si za mawe. Lakini hakuna tena wa kumuuliza. Kilichobaki hakitetereki ni kisa cha yule fakiri aliyemwomba sultani nguo alizozivaa, na sultani akaingia ndani akabadilisha, akampa. Hicho hakikupotea kwa sababu ni kisa kinachosimulika. Visivyosimulika ndivyo vinavyopotea: bei, harufu, vipimo, nani alikaa wapi.

Kwa hiyo andikeni visivyosimulika. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo na mimi nilipoharibu miaka mitatu mizima.

Daftari langu la kwanza ni la 1983. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nina Kiswahili kizuri cha kufaulia mtihani. Mara ya kwanza kufika Newala nilipelekwa pale Shimo la Mungu. Kama hujafika, ni ukingo wa uwanda wa Makonde: ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa linalala bonde la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Nikasimama pale nikatetemeka magoti. Usiku nikaandika nini? "Leo nimefika Shimo la Mungu. Mandhari yanavutia sana. Watu ni wakarimu."

Nikisoma leo natamani kumchapa yule kijana. Mandhari yanavutia: hata kalenda ya benki inavutia. Wakarimu: walikupa nini? Kwenye sahani gani? Nani alikupisha kigoda akakaa chini? Maneno yale unaweza kuyabandika Arusha, unaweza kuyabandika Pemba, yatakaa. Daftari zima la 1983 ndivyo lilivyo. La 1984 vivyo hivyo. Nilikuwa nasafiri na natoka mtupu.

Kilichonifundisha ni muuza ming'oko. Wageni wetu wa mikoa mingine, ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba, huchemshwa, mtawaona vijana wanaviuza kwenye vituo vya mabasi. 1986, basi letu limeharibika Mnazi Mmoja ya Lindi, pale njia panda, nimekasirika, sina la kufanya, nikaanza kuandika kila ninachokiona ili nisigombane na konda. Nawasomea:

"Mnazi Mmoja, saa 5 asubuhi. Springi imekatika. Binti muuza ming'oko, kanga ya njano imetoboka pembeni. Akihesabu chenji anagusa kidevu kwa kila shilingi. Nimeuliza mihogo hii bei gani. 'Baba, mihogo iko Dar. Hii ming'oko.' Kanipa mmoja bure nionje nishike adabu. Chumvi nyingi. Mbuzi kalala chini ya basi, hataki kutoka."

Hamna mandhari ya kuvutia hapo. Lakini nikisoma, nasikia joto la lami mpaka kwenye nyayo. Yule binti sasa hivi ni bibi wa watu kama yu hai, na kwangu bado anagusa kidevu. Sikuandika kwamba ni mkarimu. Sikuandika hata kwamba ni mcheshi.

Na jambo jingine: macho yana siku tatu. Mkifika kule juu kwenye uwanda, Tandahimba au Newala, siku ya kwanza mtashangaa maji. Mtaona nyumba ndogo ina kisima cha kuvunia maji ya mvua kikubwa kuliko sebule. Mtaona mtu anaponawa mikono maji yale yale yanakingwa yamwagiwe mche. Siku ya kwanza utashangaa, ya pili utauliza, ya tatu utazoea, na ya kumi ukiulizwa na mwenzako kijiji kikoje utamwambia, "Kawaida tu." Umeshapofuka. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo andika mpaka penseli iishe. Baadaye hata mstari mmoja kwa siku unatosha, na kuna siku nimeandika "mvua" nikalala.

Usiandike insha njiani. Njiani ni maneno matatu, manne, yale ambayo peke yake yatakuamsha usiku. "Kidevu, kanga njano, mbuzi." Usiku, ukishakula, ndipo unayakunjua. Bila yale matatu, usiku hukunjui kitu, unatunga. Walioelewa hili vizuri ni waliochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, huko Lindi, kati ya 1909 na 1913. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Huwezi kubeba shimo zima, lakini kila mfupa uliondoka na alama ya shimo ulikotoka. Herufi na namba, basi: S II, mnyama wa pili wa shimo S. Kwa alama kama hizo, na michoro ya mashimoni, yule mnyama leo amesimama makumbusho ya Berlin na kimo cha zaidi ya mita 13. Wangesema tutakumbuka wenyewe, Berlin ingepokea shehena ya kuni.

(Iwapo mnyama yule anapaswa kuwa Berlin au Lindi, hilo ni mazungumzo mengine, na nikilianza hatulali.)

Sasa kuna mambo ya adabu, na hapa vijana huwa mnaharibu.

Miaka ya tisini nilifika kijiji kimoja juu ya uwanda, nimekuta wazee chini ya mwembe wanacheza bao. Nikasalimia, nikakaribishwa, nikakaa. Mazungumzo matamu. Nikatoa kidaftari nikaanza kuandika. Mzee mmoja akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Akainuka wa pili. Wa tatu hakuaga. Nikabaki mimi na bao na mzee mmoja asiyeona vizuri. Akaniambia taratibu, "Bwana shamba, ficha hicho kitabu, watarudi. Wanadhani unaandika majina ya kodi." Enzi hizo kodi ya maendeleo, ile watu waliyoiita kodi ya kichwa, ilikuwa hai, ilifutwa 2003. Mtu anayeandika kijijini hajawahi kuja na heri. Nikaficha. Wakarudi mmoja mmoja, mbuzi wote salama.

Kuanzia siku ile siandiki mbele ya watu bila kuomba ruhusa, na mara nyingi siombi, nakwenda msalani. Maneno matatu, narudi. Mtu akisema jambo zuri mno nikashindwa kuvumilia, namwambia, "Mzee, hilo neno naomba niliandike nisije nikalipindisha." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Wengi hurudia polepole, kama mwalimu wa imla, na wengine hulirekebisha liwe zuri zaidi, jambo ambalo nalo ni la kuandika.

Mwezi wa sita na wa kumi na mbili, shule zikifungwa, mtasikia ngoma usiku. Ni jando, ni unyago. Mwenye nyumba wako atakwambia usipite njia ile. Usipite. Na usiandike ya ndani hata kama kuna kijana mlevi kakusimulia. Kuna ukurasa wangu wa Desemba 1991 umeandikwa hivi tu: "Ngoma mpaka alfajiri. Sikuuliza." Najivunia ukurasa ule kuliko kurasa nyingi zilizojaa.

Halafu siri za kazini. Mtakuta mambo huko shuleni. Mtoto anakuja bila kula, mwalimu mwenzako ana matatizo ya nyumbani, fulani anakunywa. Kuandika andika, daftari ni lako, lakini watu wawe herufi, siyo majina, na kidaftari kisilale juu ya meza ya ofisi ya walimu. Mimi nililisahau langu mezani mara moja. Nilikuwa nimeandika kuhusu mkubwa wangu wa wakati ule kwamba anatembea kama bata aliyeshiba. Sentensi nzuri, mpaka leo naiona ni nzuri. Mtu akaifungua, akaisoma kwa sauti, na mwenyewe yuko mlangoni. Sisemi kwamba nilihamishwa kwa ajili ya bata. Nasema mwezi uliofuata nilikuwa kwenye lori kwenda Liwale.

Na Liwale, nyie saba, ndiko daftari langu lilikonenepa kuliko kote. Usiku kule kuna kimya ambacho sikukiona kwingine, unasikia mtu anakohoa nyumba ya nne. Mkifika mtanielewa.

Swali la simu najua linakuja, maana nawaona mnazo mikononi, na wengine mnanirekodi sasa hivi. Karibuni. Simu ni shahidi mzuri. Piga picha ya kibao cha kijiji, ya ratiba ya basi, ya kurasa zako kila wiki ili daftari likianguka mtoni maneno yabaki. Laiti ningekuwa nayo 1996. Lakini nina picha nyingi za wajukuu wangu kwenye simu, nikiziangalia sijui siku ile tulikula nini wala nani alilia. Picha inaonesha kanga ya njano. Haioneshi kwamba chenji ilihesabiwa kidevuni, kwa sababu ukiinua simu tu yule binti anaacha kuhesabu, anatabasamu.

Nilimtafuta yule utingo. Niliposoma lile jina niliuliza kwa madereva wa zamani wa njia ya Kusini, hapa mjini na Lindi. Mmoja akanicheka: "Sita kwa Sita? Yupo, ana duka la vipuri vya pikipiki." Nikaenda. Mtu mzima sasa, mnene, ana miwani. Nikamsomea ukurasa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mtoto simkumbuki. Ila kuku namkumbuka, maana ulikuwa unapiga kelele kuliko yeye." Hilo halimo kwenye daftari langu. Nimeliongeza pembeni, kwa penseli, na tarehe ya siku hiyo, ili ijulikane ni maneno ya baadaye.

Mkuu wa Chuo, muda wangu umekwisha, naona kengele ya chakula imeshikwa. Nimekuja na vidaftari themanini, vya bei ndogo, vya mfuko wa shati; akina mama ambao nguo zenu hazina mifuko, shoneni. Penseli zimo kwenye ule mfuko wa salfa pale mlangoni. Msiogope kutia mkono, nimeufua mara tatu. Wa Liwale mje kwanza, basi lenu ni la alfajiri.